“Knowledge”: ni maarifa, ni ujuzi, au ni kujua tu?

“Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili, Mwanza. Kwa miaka miwili sasa natafsiri hati ndogo ndogo za wateja, Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Neno ‘knowledge’ linanitoa jasho. Kwenye hati ya kiapo palikuwa na ‘to the best of my knowledge’, nikaandika ‘kwa maarifa yangu yaliyo bora’. Bosi akaikata kwa wino mwekundu bila kusema kitu. Wiki iliyofuata nikakutana na ‘carnal knowledge’ kwenye hati ya mashtaka, nikaandika ‘maarifa ya kimwili’, ofisi nzima ikacheka. Na barua yangu mwenyewe ya kuomba kazi, yenye ‘I have many knowledges on computer’, rafiki yangu amesema hicho si Kiingereza. Kamusi inaniambia knowledge ni maarifa, elimu, ujuzi. Nichague lipi, na nitajuaje mahali pa kila moja?”

Ndugu yangu, pole kwa wino mwekundu, na pole zaidi kwa kile kicheko. Makosa yote matatu yana mzizi mmoja. Wewe unauliza lipi kati ya maarifa, elimu na ujuzi ndilo tafsiri ya “knowledge”. Katika karatasi zinazopita mezani pako, mara nyingi hakuna hata moja linalofaa. Kinachotakiwa pale ni kitenzi: kujua.

Kamusi haikukudanganya. Kazi yake ni kupanga nomino mbele ya nomino, na kwa kuwa “knowledge” ni nomino, ikakupa nomino tatu. Lakini Kiingereza, hasa cha ofisini na mahakamani, kina mazoea ya kukikunja kitenzi na kukifungia ndani ya nomino. Mwingereza ataandika “without my knowledge” mahali ambapo sisi tunasema “bila mimi kujua”. Ataandika “I have no knowledge of the matter”, nasi tunasema “sina habari na jambo hilo”. Ukiitafsiri nomino kwa nomino, unapata “bila maarifa yangu” na “sina maarifa ya jambo hilo”, na msikilizaji anaelewa kwamba unajitukana kuwa huna akili.

“Knowledge” ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutaja hali ya mtu fulani kulijua jambo fulani: kuna mjuaji, na kuna kinachojulikana. Ya pili ni kutaja akiba ya yanayojulikana, iwe kichwani mwa mtu, vitabuni, au katika jamii nzima. Maarifa, elimu na ujuzi yote ni maneno ya kazi ya pili. Hati za kisheria zimejaa kazi ya kwanza, ndiyo maana kila ulipochukua neno kutoka kamusi halikukaa.

Kipimo cha kuzitenganisha ni rahisi. Kabla hujaandika neno la Kiswahili, ivunje kwanza sentensi ya Kiingereza: ondoa “knowledge”, weka “know”, kisha tafuta nani anayejua na anajua nini. Tuseme umepewa “She signed in the knowledge that the plot had been sold.” Ukiivunja unapata “she knew that the plot had been sold when she signed”. Mjuaji yupo, kinachojulikana kipo, kwa hiyo unaandika: “Alisaini huku akijua kwamba kiwanja kilikwisha uzwa.” Sasa chukua “the advancement of knowledge”. Nani anayejua? Hatajwi. Anajua nini? Hakitajwi. Hapo ndipo nomino inapofaa: “kuendeleza maarifa”.

Kuna dalili zinazoonekana hata kwa kutupa jicho. “Knowledge that” mara nyingi ni kujua kwamba. Kiswahili hakina “maarifa kwamba”. “My knowledge”, “his knowledge”, “their knowledge” zikitanguliwa na “to”, “within” au “without”, karibu kila mara ni kitenzi. Inayosumbua ni “knowledge of”, kwa sababu inafanya kazi zote mbili. Angalia kinachofuata baada ya “of”. Kikiwa tukio au siri, kwa mfano “knowledge of the accident”, ni kujua au kuwa na habari: “alikuwa na habari za ajali”. Kikiwa somo, “knowledge of mathematics”, ni maarifa ya hisabati. Kikiwa lugha au chombo cha kazi, “knowledge of French”, “knowledge of Excel”, Mswahili anasema tu kwamba mtu anajua Kifaransa, anajua Excel.

Asili ya neno inasaidia kuelewa. “Knowledge” imejengwa juu ya “know”, na katika Kiingereza cha kale kidogo, yapata karne ya 14, ilitumika pia kama kitenzi chenye maana ya kukiri au kutambua mbele za watu. Maana hiyo imebaki leo ndani ya “acknowledge”. Ndiyo maana barua ikikuambia “kindly acknowledge receipt”, haikuombi maarifa yoyote. Inakutaka useme kwamba umeipokea. Na ukurasa wa “acknowledgements” mwanzoni mwa tasnifu ni ukurasa wa shukrani. Tangu mwanzo neno hili lilikuwa karibu zaidi na tendo la mtu kuliko na rundo la elimu.

Kama unadhani mtafsiri mzuri huchagua neno moja akashikamana nalo, fungua Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 uilinganishe na Biblia ya Kiingereza. Katika Mwanzo 2 Waingereza wana mti wa “knowledge” ya mema na mabaya. Kiswahili kinasema mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Katika Hosea 4:6, watu wanaangamizwa kwa kukosa “knowledge”. Kiswahili kinasema kwa kukosa maarifa. Rudi nyuma mistari mitano tu, Hosea 4:1, ambapo Kiingereza kinasema hakuna “knowledge of God” katika nchi. Kiswahili hapo kimeacha nomino kabisa: hakuna kumjua Mungu. Neno moja la Kiingereza limepata maneno matatu ya Kiswahili, mawili kati yake katika sura moja, na hakuna msomaji anayejikwaa.

Sasa tuyapime hayo maneno ya kamusi, maana kila moja lina mzigo wake na hayabadilishani ovyo.

Maarifa tumelitoa katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa kutambua na kujua. Lakini likiwa Kiswahilini limepata maana nyingine ambayo “knowledge” haina: mbinu, akili ya kutafuta njia. Mtu akikwama tunamwambia “fanya maarifa”, yaani tafuta namna. Hapo ndipo “kwa maarifa yangu yaliyo bora” ilipokuangusha. Mbele ya hakimu, sentensi hiyo inasikika kana kwamba mwapaji anasema ameyatunga maelezo yake kwa ujanja wake wote. Bosi wako alikuwa na sababu ya kuikata haraka.

Elimu nayo ni ya Kiarabu, na kwetu imeelemea shule na mafunzo. Mwenye elimu ni aliyesoma. Bibi mkulima anaweza kuwa na maarifa mengi ya mbegu asiwe na elimu, na hakuna anayeona mgongano katika sentensi hiyo. Kwa Kiingereza “elimu” ya kawaida ni “education”. Angalia pia msemo wetu “kutoa elimu kwa wananchi”: wengi huuandika “to give knowledge to the citizens”, nacho si Kiingereza cha kawaida. Andika “to educate people about” au “to inform people about”, kisha taja jambo lenyewe.

Ujuzi limejengwa juu ya kitenzi chetu wenyewe, -jua, lakini katika matangazo ya kazi na vyuo vya ufundi limesogea kwenye kuweza kutenda. Fundi mwenye ujuzi ni yule ambaye mikono yake inajua. Kwa hiyo tangazo likiandika “knowledge and skills” kwa pamoja, ukaweka “ujuzi na stadi”, umetaja kitu kimoja mara mbili. Mihtasari ya shule za Tanzania imezoea “maarifa, stadi na mwelekeo”, na huo ni mpangilio mzuri wa kuufuata.

Ufahamu ni la nne, ambalo kamusi yako imelisahau, nalo ndilo litakalokufaa zaidi kwenye viapo. Linabeba kuelewa na kuwa na habari. Lina hatari moja: “fahamu” ni pia ile anayoipoteza mtu aliyezirai, na shuleni “ufahamu” ni kusoma kifungu na kujibu maswali. Katika sentensi ya kiapo, hata hivyo, hakuna atakayechanganya.

Twende kwenye hati ya kiapo yenyewe, maana hapa tafsiri mbaya ina gharama.

“To the best of my knowledge” haisemi kwamba ujuzi wangu ni bora. “Best” pale inataja mpaka, sawa na katika “to the best of my ability”, yaani kwa kadiri ya uwezo wangu. Msemaji anasema: nimefika mwisho wa ninachokijua; kama kuna zaidi, silijui. Tafsiri yake ni “kwa kadiri ninavyojua” au “kwa kadiri ninavyofahamu”. Hati nyingi za Tanzania zina “kwa kadiri ya ufahamu wangu”, na kwa kuwa imeshazoeleka huna haja ya kupigana nayo. Mimi napendelea ile yenye kitenzi, kwa sababu mteja asiyesoma sana anaielewa mara moja anaposomewa.

Lakini usiichanganye na ndugu zake. “To my knowledge” ni nyepesi zaidi, ni “kwa ninavyojua mimi”. “Not to my knowledge” ni jibu la mtu anayekana kwa tahadhari: “kwa ninavyojua, hapana”. “To my certain knowledge” imegeuka upande wa pili kabisa, ni “najua kwa hakika”. Na “of my own knowledge” haipunguzi wala haisiti. Inasema: haya nayajua mimi mwenyewe, sikuambiwa. Ukiandika “kwa kadiri ninavyojua” mahali pa “of my own knowledge”, umemgeuza shahidi aliyeona kwa macho yake kuwa mtu anayesitasita.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu sheria inaijali. Kanuni za mwenendo wa madai, katika Amri ya 19 kwa Tanzania na Kenya vilevile, zinataka hati ya kiapo ibaki kwenye mambo ambayo mwapaji anaweza kuyathibitisha kwa kuyajua yeye mwenyewe. Katika maombi madogo yanayoletwa shauri likiwa bado linaendelea, anaruhusiwa kueleza na anayoyaamini, ilimradi ataje msingi wa kuamini kwake. Mahakama ya Uganda ililiweka wazi jambo hili mwaka 1966 katika shauri maarufu la Ex parte Matovu, ambalo mawakili wa Afrika Mashariki bado wanalinukuu: hati ya kiapo inasimama badala ya ushahidi wa mdomo, kwa hiyo iwe na mambo ya hakika ambayo mwapaji anayajua mwenyewe au ameambiwa na anaamini ni kweli, wala isibebe hoja za kisheria, maombi au mahitimisho.

Kwa hiyo katika aya ya uthibitisho mna ngazi tatu, na mtafsiri hana ruhusa ya kuzichanganya: “knowledge”, ninayoyajua mwenyewe, “information”, niliyoambiwa, na nani ameniambia, “belief”, ninayoyaamini, na kwa nini. Unaweza kuiandika hivi: “Mimi, fulani, nathibitisha kwamba yaliyoelezwa katika aya ya 1, 2, 3 na 5 ni kweli, nami nayajua mwenyewe, na yaliyoelezwa katika aya ya 4 ni taarifa niliyopewa na fulani, meneja wa ghala, ambayo naiamini kuwa ni kweli.” Kosa linalotokea sana ni kuzimimina zote katika “ni kweli kwa ufahamu wangu na imani yangu”, bila kugawa aya na bila kumtaja aliyetoa taarifa. Hapo upande wa pili unapata pa kushika: mahakama inaweza kuziondoa aya zenye kasoro, au kuikataa hati yote. Tena “imani yangu” ikisimama peke yake inamfanya msomaji afikirie dini. “Ninavyoamini” ni salama zaidi.

Katika jinai, “knowledge” ni kujua karibu kila mahali, na hapo kosa la mtafsiri linagusa uhuru wa mtu. Kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaeleza nia ovu katika kosa la mauaji, na mojawapo ya njia za kuithibitisha ni “knowledge” kwamba kitendo kinaweza kwa uwezekano mkubwa kumuua mtu au kumdhuru vibaya. Kifungu cha 206 cha Kenya kina maneno ya namna hiyohiyo. Andika “kujua kwamba kitendo hicho”, na sentensi ikirudi kwenye “that knowledge”, andika “kujua huko”. Kwa anayepokea mali ya wizi utakutana na “knowing or having reason to believe”: “huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini”. Usiifupishe ikawa “huku akijua” pekee. Mwendesha mashtaka anaweza kushindwa kuthibitisha la kwanza akafaulu kwenye la pili, na ukilifuta umelibadilisha shtaka.

Utakutana pia na “actual knowledge” na “constructive knowledge”. Ya kwanza ni kujua hasa. Ya pili ni pale sheria inapomhesabu mtu kuwa alijua kwa kuwa angeuliza kidogo tu angejua, kwa mfano mnunuzi wa ardhi ambaye hakwenda kuangalia daftari la usajili. “Kuhesabiwa kuwa alijua” ni ndefu lakini inaeleweka. “Maarifa jengefu”, ambayo huenda ingekujia haraka, haimwambii mtu chochote.

Sasa hiyo “carnal knowledge” iliyowachekesha wenzako. “Carnal” imetoka kwenye neno la Kilatini la nyama, mwili. Na kumjua mtu kwa maana ya kulala naye ni maana ya kale sana iliyokuja kupitia Biblia. Kiebrania kinatumia kitenzi cha kujua, Kiingereza kikakifuata, na Kiswahili nacho kikafuata: “Adamu akamjua Hawa mkewe”. Kila mkristo aliyesikia Mwanzo 4 kanisani ameshakutana na “knowledge” ya namna hii bila kuijua kwa jina. Basi hukuwa mbali sana. Wanasheria wa Uingereza waliichukua maana hiyo wakaifanya msamiati wa jinai, nayo ikaletwa huku pamoja na sheria za kikoloni. Kenya ilikuwa nayo katika maelezo ya kosa la kubaka mpaka Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ilipoyaandika upya. Tanzania bado ina maneno hayo katika kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu makosa ya kinyume cha maumbile, na hata hati za mashtaka ya kubaka huandikwa kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa “did have carnal knowledge of” fulani.

Tafsiri yake ni “alimwingilia kimwili”. “Alijamiiana na” nayo inakubalika panapohitajika, ingawa ile “na” inaashiria watu wawili wanaofanya jambo kwa pamoja, kwa hiyo katika shtaka la kubaka usiitumie. Usiandike “alifanya mapenzi naye” hata siku moja. Maneno hayo yanabeba ridhaa, na ridhaa ndiyo inayobishaniwa mahakamani. Usiandike pia “alimbaka” mahali pa “had carnal knowledge of”, hata kama jina la kosa ni kubaka. Hati ya mashtaka ina sehemu mbili: jina la kosa, na maelezo ya kosa. Kubaka ni jina, ni hitimisho la sheria. Kuingiliwa kimwili ni tendo, na tendo linathibitishwa peke yake, kisha inatazamwa kama ridhaa ilikuwapo, au kama umri wa mtoto unalifanya suala la ridhaa lisiwepo kabisa. Mtafsiri akiweka “alimbaka” kwenye maelezo, ameshatoa hukumu. Na nyuma ya kila karatasi ya namna hii yupo mtu aliyeumizwa au anayedai kuumizwa. Isome kwa uangalifu huo.

Barua yako ya kazi ni jepesi kulinganisha na haya. “Knowledge” haihesabiki kwa Kiingereza, kama maji au unga. Hakuna “knowledges” wala “many knowledges”. Kuna “much knowledge” na “a great deal of knowledge”. Katika maandishi ya kitaaluma utaona wanazuoni wakiandika “indigenous knowledges” kusisitiza kwamba jamii mbalimbali zina maarifa yao ya jadi. Hao wanafanya hivyo kwa makusudi. Kwenye barua ya kazi itahesabiwa kosa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba “a knowledge” peke yake haisimami, lakini ukitanguliza sifa na kufuatisha “of”, inasimama: “a good knowledge of Kiswahili”. Ile “on” yako imetoka kwetu, kwenye “juu ya”. Tunasema ujuzi juu ya kompyuta, mkono unaandika “on computer”. Kiingereza kinataka “of”, na mara nyingine “about”. Vilevile hawasemi “learn knowledge”; wanasema “gain” au “acquire knowledge”, au wanakwenda moja kwa moja kwenye “learn” na jina la kitu chenyewe.

Sifa utakayoitanguliza ina daraja lake, na waajiri wanaisoma hivyo. “A basic knowledge” ni misingi tu. “A working knowledge” ni kiasi cha kufanyia kazi bila kushikwa mkono, lakini si ubingwa. Mtu wa Kigoma anayeandika “a working knowledge of French” anasema anaweza kupokea simu kutoka Bujumbura, hasemi kwamba atatafsiri mkataba. “A good knowledge” iko juu ya hapo, na “a thorough knowledge” ni ya mtu aliyezama. Usijipandishe daraja. Usaili wa dakika kumi unatosha kukushusha.

Sentensi yako ingekuwa “I have a good working knowledge of Microsoft Word and Excel”, nayo ni sahihi. Lakini pima na hii: “I type affidavits and pleadings in Word every day and keep the office filing register in Excel.” Haina “knowledge” ndani yake, na inamwambia mwajiri mengi zaidi. Kama ningekuwa natuma hiyo barua, ningetuma ya pili.

Matamshi yanamaliza upande huu. “K” ya mwanzo haitamkwi. Ilikuwa ikitamkwa zamani, ikaanza kuachwa karne ya 17, wakati tahajia ilikuwa imeshazoeleka katika vitabu vilivyochapishwa. “Know” ni “nou”, lakini “knowledge” haianzi na “nou”. Ni “nolij”, mkazo kwenye “no”, na hakuna “e” ya mwisho. Katika “acknowledge” utasikia “k”, ila inatoka kwenye ile “ac”: “aknolij”, mkazo kwenye “no”.

Ukikutana na “the Knowledge” yenye herufi kubwa katika habari za London, usishangae. Ni jina la mtihani wa madereva wa teksi nyeusi, ulioanza mwaka 1865: njia 320 za kukariri na mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita, karibu kilomita 10, kutoka Charing Cross. Hapo hakuna cha kutafsiri. Liache kama lilivyo, ueleze.

Kuna hati ambazo hupaswi kuzimaliza peke yako. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, kazi ya tafsiri imeongezeka, na makarani wengi wanaachiwa hati nzito kuliko mafunzo waliyopata. Aya ya uthibitisho, mwombe wakili aisome kabla haijafika kwa kamishna wa viapo, na umwambie wazi ni aya zipi hukuwa na uhakika kama ni za kujua au za kuambiwa. Yeye ndiye anayeweza kumpigia mteja na kuuliza. Hati ya mashtaka, hukumu au cheti kitakachotumika nje ya nchi, tafuta mtafsiri aliyethibitishwa. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) kwa Bara na BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) kwa Zanzibar ndiyo milango ya kuanzia. Na bosi anayekata bila kueleza, mfuate jioni kazi zikipungua, ukiwa na sentensi tatu za Kiingereza na tafsiri zako mbili mbili kwa kila moja, umwombe achague. Ni rahisi zaidi kwake kuchagua kuliko kufundisha.

Jambo la mwisho, kwa mteja asiyejua Kiingereza anayeapa kwenye hati ya Kiingereza. Kabla hajasaini, asomewe yote kwa lugha anayoielewa, na hati iseme hivyo karibu na saini, pamoja na jina la aliyesoma. Ukiwa wewe ndiye msomaji, ukifika kwenye “of my own knowledge” simama, umuulize kwa Kiswahili cha kawaida: “Hili uliliona wewe mwenyewe, au uliambiwa?” Akijibu kwamba aliambiwa, weka kalamu chini, umrudishe kwa wakili.